SOMO LA WIKI: Kuku wa uani Mang'ula na hasara ya kiangazi

MCHUUZI anayeingia vijijini na matenga matupu miezi ya kiangazi anajua siri moja ya soko la kuku wa kienyeji. Uvumi wa mdondo, ambao kwingine huitwa kideri, ukishapita mtaani, kila kaya hutaka kuuza kabla kuku hawajafa, na anayeuza kwa hofu hapangi bei. Wiki chache baadaye mabanda ni matupu. Desemba inapofika na jogoo kutafutwa kwa bei nzuri, familia haina cha kupeleka sokoni.

Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa katika bonde la Kilombero, haikukosa soko. Ipo kando ya barabara ya Mikumi hadi Ifakara, ina kituo cha reli ya TAZARA, na mashamba ya miwa ya Kidatu yenye walaji wengi hayako mbali. Kinachokosekana ni kuku wa kuuza wakati bei iko juu.

Chukua mfano wa hesabu tu. Familia ina mitetea mitano. Kila mmoja anaatamia mara tatu kwa mwaka na kutotoa vifaranga kumi. Hao ni vifaranga 150. Wakiachwa wajitafutie wenyewe, ni kawaida zaidi ya nusu kufa kabla ya miezi miwili kwa mwewe, vicheche, baridi na magonjwa. Wakibaki 40, familia itasema kuku hawalipi. Wakibaki 90, ni kuku 50 zaidi bila kununua mtetea hata mmoja. Kwa hiyo anayekimbilia kuongeza mitetea kabla ya kuokoa vifaranga anaongeza gharama ya mazishi.

Kinga ya mdondo ipo na si ghali. Chanjo ya I-2 ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Sifa yake kubwa kwa vijiji visivyo na majokofu ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo haitaki jua wala kukaa nje muda mrefu. Kuku hupewa tone moja katika jicho moja, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ratiba ya Machi, Julai na Novemba inafaa, kwa kuwa dozi ya Julai hutangulia miezi ya hatari. Ichanjwe kwa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo, na mdondo hauna dawa.

Kichupa kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Ndiyo maana kaya moja yenye kuku 15 huona gharama, lakini kaya nane zikichangia siku moja, kila moja hulipa kidogo. Faida nyingine ni kwamba kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye huleta ugonjwa uani.

Hapa bonde lina tatizo lake. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia madungu ya mashambani kwa miezi kadhaa, na kuku huachiwa bibi au watoto wanaosoma. Ratiba ya chanjo hukatika hapo. Mwenye kubaki nyumbani apewe tarehe iliyoandikwa na fedha ya kichupa kabla ya safari.

Kuhusu chakula, mashine za kukoboa mpunga hutoa pumba kwa wingi, lakini mnunuzi aangalie. Pumba laini hulisha. Makapi magumu hujaza tumbo tu. Zichanganywe na chenga, dagaa waliosagwa na mboga za majani. Mchwa hunaswa kwa chungu kilichojazwa nyasi kavu na samadi mbichi, kikafunikwa chini usiku. Vifaranga walishwe peke yao, ndani ya tenga ambalo mama yao hawezi kuingia. Banda liinuliwe kutoka ardhini. Nguzo zake zitoke kwenye miti ya kupandwa, si katika Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992.

Jambo la mwisho ni la mezani. Mara nyingi mama na watoto ndio hulisha na kufungia kuku, kisha baba huuza jogoo bila kuulizwa. Kifaranga asiye na mwenyewe hana wa kumfukuzia mwewe. Familia iandike katika daftari kila kuku ni wa nani na nani atapokea fedha yake.

Mchuuzi naye ana sehemu yake. Tenga lenye kinyesi cha kuku wa kijiji kingine hubeba mdondo, hivyo lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kuingia mtaa mwingine, na kuku waliorudi bila kununuliwa wakae pembeni wiki mbili.