Sauti za kununua ni mali ya nani?

Swali: Prodyuza wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, akinunua maktaba ya sauti yenye ala za Kigogo, ilimba na zeze, je, sauti hizo ni zake?

Jibu: Hapana. Kinachonunuliwa ni leseni ya kuzitumia ndani ya wimbo. Kuziuza au kuzigawa zikiwa peke yake kwa kawaida ni marufuku. Mlio mmoja wa ngoma hauna shida. Tabu huja na kipande kirefu cha zeze, kwa kuwa wateja wengine wanacho hicho hicho, na mfumo wa utambuzi wa YouTube huweza kuuwekea wimbo pingamizi. Hapo stakabadhi ya leseni ndiyo ushahidi.

Kukata kipande cha rekodi ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 humlinda mtunzi, mpigaji na mtayarishaji wa rekodi. Njia bora, tena ya haki, ni kumrekodi mpiga zeze wa Mpwapwa kwa malipo na mkataba wa maandishi.