Moyo Unapogonga, Ni Milango Inayofungwa

Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, ni mtaa ambao Kiswahili hakikosi msemaji. Miongoni mwa wanaosali katika hekalu la Kihindu la BAPS Shri Swaminarayan, lililofunguliwa Agosti 1995, wamo wazee wa asili ya India waliozaliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Wengine walikuja kwa hiari yao miaka ya 1960. Wengine walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 wawe wameondoka Uganda. Umri umekwenda, na habari za moyo sasa ni mazungumzo ya kila nyumba. Maswali haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Ile sauti ya "du-dup" inatoka wapi?

Wengi hudhani ni mshindo wa msuli. Hasa ni milango inayofungwa. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia huipeleka mapafuni, wa kushoto huipeleka mwili mzima. Vyumba vya chini vikijikaza, valvu mbili zinazovitenga na vile vya juu hufungwa: hapo ndipo "du". Damu ikishatoka, valvu mbili zilizo kwenye midomo ya mishipa mikubwa hufungwa ili isirudi: hiyo ndiyo "dup". Mtoto akilala, mtegee sikio kifuani upande wa kushoto. Utazisikia zote mbili, kisha kimya kifupi, kisha tena.

Kwa mapigo 70 kwa dakika, milango hiyo hujifunga zaidi ya mara 100,000 kwa siku.

Nani anayeifungua?

Damu yenyewe. Ikiisukuma kutoka nyuma, valvu hufunguka. Ikitaka kurudi, hujibana. Valvu tatu zina vipande vitatu vyembamba kila moja. Ya nne, inayoitwa mitrali, iliyo upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, ina viwili tu. Vipande vyake vimefungwa kwa nyuzi ngumu zilizoshikwa na misuli midogo chini yake, mfano wa demani inavyolizuia tanga la jahazi lisipeperuke. Uzi mmoja ukikatika, kipande hupinduka na damu huvuja kurudi nyuma. Daktari mwenye sikio zuri huisikia kama mvumo kati ya "du" na "dup".

Na amri ya kupiga inatoka ubongoni?

Hapana. Ubongo huweza kuharakisha au kupunguza mwendo, lakini moyo una kianzio chake: kifundo kidogo katika chumba cha juu cha kulia, kilichogunduliwa na Waingereza Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Kifundo hicho hutoa cheche ya umeme. Cheche hiyo husita kama sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kushuka, ili vyumba vya juu viwahi kumimina damu chini. Umeme huo wa moyo wa binadamu ulirekodiwa kwanza na Augustus Waller mwaka 1887, katika hospitali ya St Mary's, Paddington, si mbali na Neasden. Waller alimtumia pia mbwa wake Jimmy, akimsimamisha miguu ikiwa ndani ya maji ya chumvi.

Valvu iliyoharibika utotoni inawezaje kuonekana uzeeni?

Hapa ndipo penye uzito. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoki. Koo lisipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kukosea shabaha ikaanza kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Homa hupita, lakini vipande vya mitrali hubaki na makovu, vikanenepa, vikagandana. Mtu akaishi miaka mingi bila kujua, mpaka siku ngazi za stesheni ya treni zinapomkata pumzi.

Ugonjwa huu bado unaua vijana Afrika Mashariki, na unazuilika. Ndiyo maana inauma. Huko Gulu, Uganda, watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 ambao valvu zao zilikuwa na dalili za mwanzo. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu wa kundi hilo, na kwa 33 wa kundi lisilochomwa.

Valvu iliyoharibika ikibadilishwa, mpya hutengenezwa kwa nini?

Swali hili ni zito Neasden kuliko mitaa mingi. Valvu za nyama hutokana na nguruwe au ng'ombe. Mwislamu atasita kwa ya kwanza, Mhindu kwa ya pili. Mgonjwa ana haki ya kuuliza mapema, na wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu pale dharura inapolazimisha. Valvu ya nyama huchakaa baada ya miaka kumi au zaidi. Ya kimitambo hudumu sana, na mwenyewe huweza kuisikia ikigonga usiku, ila humfunga kwenye warfarini maisha yote, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo ni hatari kwa mimba. Anayeitumia asiache mchicha wala sukuma wiki. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa.

Aanzie wapi anayeshuku?

Dalili ni kukatika pumzi, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio ovyo, kuzirai. Nchini Uingereza kumwona daktari wa mtaa ni bure, na kujiandikisha kwake hakuhitaji karatasi za uhamiaji. Atasikiliza, kisha akiona haja atamwagizia eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ndugu aliyebaki Dar es Salaam anayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Wa Kampala anayo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Maumivu makali ya kifua hayangoji miadi: London piga 999. Na mtoto anayelia koo, popote alipo, apelekwe akapimwe leo.