ADABU ZA KUNUNUA NYAMA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: hili ni somo la kununua nyama buchani, nalo lina milango minne. Limewekewa watu wa Kintinku na kila mji mfano wake, kwa kuwa kila nyumba hula nyama, na wachache ndio waulizao hukumu zake.

MLANGO WA KWANZA: NYAMA NA MAHALI ITOKAPO

Kintinku ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, chini katika Bonde la Ufa, kwenye njia ya reli ya kati baina ya Bahi na Manyoni. Reli hiyo ilifika Dodoma mwaka 1910, na Tabora mwaka 1912. Nchi yenyewe ni ya Wagogo, nao ni wakulima na wafugaji. Ng'ombe kwao ni mali, ni mahari, na ni akiba ya mwaka wa njaa.

Kwa hiyo nyama ya huko haitoki katika makopo. Ng'ombe hununuliwa mnadani akiwa hai, hupelekwa kuchinjwa, kisha huonekana buchani ametundikwa kwa kulabu: paja na mkono, mbavu na shingo, kidari na nundu, na kando yake maini, utumbo na makongoro. Mnunuzi huonyesha kwa kidole anapopataka, akakatiwa juu ya gogo.

Katika desturi hii mna kheri, kwani jicho hushuhudia kinachouzwa. Lakini jicho halioni yote. Halikuona kisu kilivyopita, wala halikuona kama mnyama alikuwa na afya au alikuwa akifa, wala halijui jiwe la mizani kama ni kamili. Mambo haya matatu ndiyo yanayompasa Mwislamu kuyajua.

MLANGO WA PILI: KUCHINJA NA SHAKA YAKE

Ajue mwenye kusoma kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kuchinja hakutimii ila kwa kukata koo la pumzi na koo la chakula yote mawili, kwa kitu chenye makali, na mnyama awe na uhai uliothubutu wakati wa kukatwa. Kukata mishipa miwili ya shingo, kumwelekeza mnyama kibla, na kutaja jina la Mwenyezi Mungu ni sunna, wala haifai kupuuzwa. Mtume ameamrisha wema hata katika kuchinja: kisu kinolewe, na mnyama astareheshwe. Basi kunoa kisu mbele ya macho yake, au kumchinja mmoja na mwenziwe akitazama, ni kinyume cha adabu.

Ikiwa mtu atauliza: Je, mnunuzi hulazimika kumhoji mwenye bucha kila asubuhi? Jawabu: La. Bibi Aisha amepokea kwamba watu walimwuliza Mtume juu ya nyama walizoletewa na watu waliosilimu karibuni, wasijue kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa. Akawaamuru walitaje wao wenyewe, kisha wale. Katika mji ambao ada yake yajulikana kwamba mchinjaji ni Mwislamu, mtu anunue ale, wala asijitie wasiwasi. Shaka tupu haiondoi yakini. Lakini ikiwa ada yenyewe haijulikani, na wachinjao wamechanganyika na wasiohalalishiwa kuchinja, hapo kuuliza ni lazima, kwani asili ya nyama ni kuharimika mpaka ijulikane kuchinjwa kwake.

Na aulize kwa upole. Jambo hili limekwisha kuleta msiba katika Tanzania. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Mwaka 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, watu waligombana juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa, na mtu akauawa. Haya ni mazingatio makubwa. Mwenye kujilinda na kibudu ameshika dini yake. Mwenye kuimwaga damu ya mwanadamu kwa ajili ya nyama ameiharibu. Katika Kintinku Mwislamu na Mkristo ni majirani, na pengine ni ndugu wa tumbo moja. Asiyependezwa na nyama ya bucha fulani aiache, aende kwingine, wala asimtukane mtu.

MLANGO WA TATU: NYAMAFU NA MARADHI

Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyeanguka, au aliyepigwa, au aliyeuawa na mnyama mwitu, hakuwahiwa kuchinjwa, ameharimishwa katika Suratul Maida. Wala kuuza kwake hakujuzu, na thamani yake ni haramu. Ngozi yake ikitengenezwa ikasafika hutumika, kama alivyofundisha Mtume juu ya mbuzi wa Bibi Maimuna. Ama nyama, hapana.

Wako wasemao kwamba kumzika ng'ombe ni kupoteza mali. Watu hawa hawaogopi dhambi. Basi na waogope mauti. Ugonjwa wa kimeta humwua ng'ombe kwa ghafula, na damu nyeusi isiyoganda humtoka puani na nyuma. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kabisa, kwani vijidudu vyake vikipata hewa hugeuka mbegu zikaao udongoni miaka mingi, na mwenye kuushika huambukizwa.

Iko pia Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa, na tena humpata mtu ashikaye damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Mwaka 2007 homa hii iliua watu zaidi ya 100 katika Tanzania, na mkoa wa Dodoma, jirani wa Kintinku, ndio uliopatwa kuliko mikoa mingine. Alama yake mazizini ni kuharibu mimba kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe kwa wingi, na kufa kwa watoto wao. Mwenye kumwahi mnyama wa namna hii kwa kisu ili asipate hasara, kisha akawauzia watu, hata akitimiza masharti yote ya kuchinja, amewadhuru waja, na kudhuru ni haramu.

Basi mnunuzi atazame mhuri wa mkaguzi juu ya nyama, maana mhuri ule ni ushahidi kwamba mjuzi ameitazama. Atazame rangi na aisikie harufu. Akiona katika mnofu vijipovu vyeupe kama punje za mchele, hiyo ni mbegu ya tegu, aiache. Na nyama yote ipikwe mpaka iive ndani. Damu kidogo iliyosalia katika nyama na mishipa imesamehewa. Iliyoharimishwa ni ile yenye kumwagika.

MLANGO WA NNE: MIZANI NA BEI

Suratul Mutaffifin imewaonya wale ambao wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia watu hupunguza. Mtume alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta umaji chini yake. Akamlaumu mwenyewe kwa kuuficha, na akajitenga na mwenye kughushi. Akafundisha pia kwamba mwenye kupima aizidishe kidogo haki ya mnunuzi.

Mfano wake: mwanamke mjane mwenye watoto wanne amekuja buchani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nikukatie wapi?"

"Nikatie mbavuni, nusu kilo. Lakini baba, nusu ya juzi ilikuwa mifupa mitupu."

"Mwanangu, ng'ombe hana mbavu bila mifupa."

Mwuzaji amesema kweli, na haki ya mjane ingali iko. Mfupa ulio katika mahali pake huuzwa pamoja na nyama, kwa kuwa ndiyo ada, na mnunuzi auona. Lakini kuchukua mfupa wa gogoni usio wa pale, ukafichwa chini ya mnofu, ni ghushi. Kuitia nyama maji ili izidi uzito, kubonyeza mizani kwa kidole, na kuifunga kabla mshale haujatulia, yote ni ghushi. Mwuzaji akipunguza gramu 50 kwa kila mtu, katika watu kumi amepata nusu kilo ya bure, na katika watu 100 amepata kilo tano. Atawarudishia nani siku ya Kiyama, naye hawajui majina yao? Mjane alikwenda na fedha ya mboga ya siku mbili. Akarudi na ya siku moja.

Yako na mambo mengine ya kuangalia. Kwanza, haijuzu kuuza nyama ya mnyama ambaye bado hajachinjwa, au hajachunwa ngozi, kwa kuwa haionekani wala haijulikani. Watu wakitaka kugawana ng'ombe wa sikukuu, na wamnunue kwa shirika akiwa hai, kisha wagawane kwa mizani.

Pili, katika Ugogo yuko mfugaji ajaye na mbuzi wake hai akataka abadilishiwe kwa nyama ya ng'ombe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kuuza nyama kwa mnyama hakujuzu. Njia yake ni nyepesi: amwuze mbuzi kwa fedha, kisha kwa fedha hiyo anunue nyama.

Tatu, mwenye kukopa aandikiwe bei na siku ya kulipa. Mnunuzi mwenye uwezo akichelewesha deni naye ni dhalimu, sawasawa na mwenye mizani mbovu.

KHITIMISHO

Nyama huliwa kwa saa moja, na hesabu yake hubaki. Mchinjaji amche Mungu katika kisu chake, mwuzaji katika jiwe lake, na mnunuzi katika ulimi wake na deni lake.

MASWALI YA MWANAFUNZI

1. Yapi mambo yaliyo lazima katika kuchinja, na yapi ni sunna?
2. Ni wakati gani kuuliza juu ya mchinjaji huwa lazima?
3. Kwa nini mzoga wa kimeta haupasuliwi?
4. Mfupa gani ni haki ya mwuzaji, na upi ni ghushi?
5. Mwenye mbuzi hai atakaye nyama ya ng'ombe afanyeje?

Wallahu aalam.