Baba kafariki, kiinua mgongo hakijatoka

SWALI: Marehemu baba alikuwa mwalimu wa skuli ya serikali hapa Wete. Alistaafu, akafariki kabla ya kulipwa kiinua mgongo. Kadi yake ya benki ninayo mimi. Mama yu hai, na tuko ndugu wanne. Tuanzie wapi?

JIBU: Poleni, mwanangu. Kwanza, iweke hiyo kadi. Hata ukiijua namba ya siri, pesa za marehemu ni za warithi wote.

Kwa sheha chukueni barua, kisha cheti cha kifo. Halafu nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambako mirathi ya Waislamu hushughulikiwa. Huko ndiko warithi hutambuliwa rasmi. Madeni hulipwa kwanza, na wasia ukiwapo hutekelezwa. Kwa kuwa kuna watoto, mama yenu ana thumni (moja ya nane). Kinachobaki, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kama bibi mzaa baba yu hai, msimsahau: ana sudusi (moja ya sita).

Mafao yenyewe hudaiwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), Chake Chake. Tazameni sana majina: “Khamis” kwenye barua ya ajira na “Hamisi” kwenye cheti cha kifo hukwamisha faili.

Msichanganye mafao hayo na Pensheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Hiyo hukoma mtu akifa.

Na asije mtu akawaomba “chai” ili aharakishe. Msimpe.