Vumbi la Miti: Tazama Hewa, Ujue Siku ya Hatari

Mkulima, fanya jaribio hili. Siku kavu yenye jua, nenda kwenye fensi yako ya misaipresi, utafute tawi lenye vichwa vidogo vya manjano kwenye ncha zake. Ligonge kwa fimbo. (Kama una pumu, mwachie mwingine.) Ikiwa wakati wake umefika, utaona vumbi likitoka kama moshi na kuchukuliwa na upepo. Hilo si vumbi la barabara. Ni chavua, yaani unga wa maua dume, ambao mti huutuma hewani ili upate mbegu.

Chavua haina sumu. Lakini miili ya watu wengine huipinga kama adui, na hali hiyo huitwa mzio. Mtu hupiga chafya mfululizo, macho humwasha, na pua hutoa kamasi nyepesi kama maji. Wengi husema, "Ni mafua tu." Basi angalia: mafua huisha baada ya siku chache, lakini mzio huendelea muda wote chavua inaporuka, tena hauna homa. Kwa mwenye pumu si jambo dogo, kwa maana kifua chake huweza kubana hata ashindwe kupumua.

Je, mtu aweza kuijua siku mbaya kabla haijafika? Aweza. Dalili ya mvua ni mawingu, na chavua nayo ina dalili zake.

1. Jua. Umande ukikauka, vichwa hufunguka na chavua hutoka. Siku ya ukungu na manyunyu hutoka kidogo tu.

2. Upepo. Punje moja ya chavua ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo upepo huweza kuibeba kilomita nyingi.

3. Mvua. Mvua ya utulivu huosha hewa. Lakini jua na upepo vikirudi, chavua nayo hurudi.

4. Dhoruba ya radi. Hii ndiyo hatari kubwa. Tarehe 21 Novemba 2016, mjini Melbourne, Australia, dhoruba ilikuta hewa imejaa chavua ya nyasi za malisho. Punje zilipasuka vipande vidogo viwezavyo kuingia mpaka ndani ya mapafu. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali, na 10 walikufa.

Wajapani wamejifunza somo hili kwa gharama. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 walijaza milima yao mti uitwao sugi, ambao ni wa jamii moja na msaipresi na mtarakwa wetu. Mwaka 1964 madaktari waliandika habari za ugonjwa wa chavua yake huko Nikko, na leo mamilioni ya watu huugua kila mwaka. Wataalamu wao hutabiri hivi: Julai ikiwa ya joto na jua jingi, miti hufanya maua dume mengi, basi chavua ya mwaka unaofuata itakuwa nyingi. Tena, tangu tarehe 1 Januari hujumlisha joto la kila siku. Jumla ikifika kiasi fulani, hujua kwamba chavua i karibu kuanza kuruka.

Hatusemi ukate miti yako. Inakukinga na upepo, inashika udongo, na inakupa mbao na kuni. Lakini fanya mambo haya:

Jioni sikiliza habari za hali ya hewa katika redio. Ukisikia kwamba kesho ni jua na upepo, mwenye mzio apewe kazi mbali na fensi, na afunge kitambaa puani.

Pogoa fensi mara kwa mara, kabla vichwa havijafunguka. Mwenye pumu asiifanye kazi hiyo.

Usianike nguo wala blanketi juu ya fensi. Chavua hushika humo, na usiku mtoto huivuta.

Unapopanda miti mipya, changanya aina mbalimbali, wala usiweke misaipresi karibu na dirisha la chumba cha kulala.

Mawingu ya radi yakikusanyika, mwenye pumu aingie nyumbani, afunge madirisha, na dawa yake iwe karibu. Akibanwa na kifua, mpeleke zahanati upesi. Usingoje asubuhi.

Mwisho, chukua daftari. Kila jioni andika mambo matatu: ilikuwa jua au mvua, upepo ulitoka upande gani, na nani nyumbani alipiga chafya. Mwaka ukiisha, utaweza kutabiri mwenyewe siku mbaya za shamba lako, na mganga wa zahanati atafurahi kulisoma daftari hilo.