Kiswidi kwa sikio la Masisi

Mwanafunzi wa Lushebere anayekwenda kusoma Uswidi ana akiba asiyoijua: Kihunde na Kinyarwanda ni lugha za toni. Kiswidi nacho hutofautisha maneno kwa toni mbili. Neno «anden», kwa toni ya kwanza, ni yule bata. Kwa ya pili, ni ile roho (si jambo dogo kanisani). Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Basi fungua vipindi vya SVT, weka maandishi ya Kiswidi chini ya picha, urudie kila sentensi kwa sauti. Dukani muuzaji akiuliza «Vill du ha kvittot?», yaani unataka risiti, jibu kwa Kiswidi. Huenda akageukia Kiingereza kwa wema. Ukimfuata huko kila siku, muhula utaisha na Kiswidi chako kimebaki darasani.