Bei ya Chini Si Unafuu Daima

Shule, zahanati au ofisi ya umma inaponunua kitu, mlipaji ni wewe mwananchi, kwa kuwa fedha hizo ni za kodi yako. Katika somo hili tunaeleza jinsi raia wa Kenya anavyoweza kupima iwapo ununuzi huo una manufaa.

Tuchukue mfano wa bweni lenye balbu 40 zinazowaka saa 5 kila usiku kwa siku 200, yaani saa 1,000 kwa mwaka. Balbu za kizamani za wati 60 zitatumia uniti 2,400 za umeme. Za LED za wati 10 zitatumia uniti 400. Isitoshe, balbu ya kizamani huungua baada ya saa 1,000 hivi, ilhali ya LED hudumu mara nyingi zaidi. Kwa hiyo gharama ya kitu ni kukinunua, kukitumia, kukitengeneza na hatimaye kukitupa bila kudhuru mazingira.

Ununuzi wa umma hugawa pia riziki. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu; tena kinaruhusu kuyapa kipaumbele makundi yaliyonyimwa fursa. Ndipo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ikaagiza angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengewe biashara za vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma.

Hata hivyo, nia njema isiyoandikwa mapema hugeuka kichaka cha upendeleo. Sheria hiyo inataka zabuni zipimwe kwa vigezo vilivyomo katika hati za zabuni pekee. Kigezo kinachozuka baada ya zabuni kufunguliwa hakikubaliki, hata kikiitwa cha kulinda mazingira.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba maelezo kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21. Uliza mambo matatu:

1. Je, gharama za matumizi na matengenezo zilihesabiwa?
2. Je, sehemu ya makundi maalumu ilitengwa, na nani alipewa?
3. Je, vigezo vyote vilitangazwa kabla ya zabuni kuwasilishwa?

Jibu la swali lolote likiwa "la", una sababu ya kudai maelezo zaidi.